Picha ya Mtwanga Mpunga

Harlem, New York
18 Januari 1958

Dada yangu Sibby,

Nakusalimu, na kupitia kwako namsalimu Mama, shemeji Wesley na watoto wote. Mimi mzima, ila baridi ya huku inanila mifupa.

Nina habari, kaa chini kwanza. Jumamosi mvua ilinifukuza barabarani, nikajificha katika duka la vitabu vya zamani karibu na pale ninaposhona. Mwenye duka, mzee mmoja anayevaa miwani machoni na kusahau nyingine kichwani, alikuwa anamsifia mteja kitabu adimu: picha za watu weusi wa visiwa vya Karolina ya Kusini. Kilichapwa mwaka 1933, nakala chache, na nyingi zimepotea. Nikadakia, "Baba, mimi ni wa huko huko." Akafungua kabati la kioo, akaniwekea kitabu mezani kama mtu anayelaza mtoto mchanga.

Dada, ni kwetu! Ni Kisiwa cha Dawsey chenyewe. Nimemwona Shangazi Minda anapepeta mpunga kwa ungo. Nimeiona nyumba ya sala kabla haijainama upande. Nimemwona Shemasi July akiwa na nywele, mpaka nikacheka kwa sauti.

Halafu nikafunua ukurasa, nikamwona kaka yetu Esau.

Amesimama kando ya kinu, mchi mkononi, ananitazama. Nilikuwa na miaka kumi na moja alipozama, na siku hizi nikijaribu kuukumbuka uso wake napata giza tu. Sasa ulikuwa mbele yangu. Chini yake wameandika "Mtwanga mpunga", basi. Hakuna jina.

Mwambie Mama. Hana hata picha moja ya mwanawe. Mwambie kabla macho yake hayajafunga kabisa kwamba Esau ameonekana.

Mdogo wako,
Ruthena


Kisiwa cha Dawsey
2 Februari 1958

Mpenzi Ruthena,

Barua yako imefika. Sisi wazima. Tumechinja nguruwe mmoja, Wesley ameezeka upya banda, na bamia nilizokausha kiangazi bado zipo, nitakutumia.

Kuhusu hicho kitabu, sikumwambia Mama, na wewe usimwandikie. Huyo uliyemwona si Esau. Ni Cuffy, mtoto wa Shangazi Minda. Ujana wao walifanana, hata watu wa hapa walikuwa wakiwachanganya.

Unajua jinsi Mama alivyo. Yule bibi wa kizungu mwenye kamera, aliyepiga picha hizo, akitajwa, Mama anatema mate uani. Kwake ni yule bibi aliyechukua kivuli cha mwanawe, na mtu asiye na kivuli haishi. Miaka yote hii sijamtoa kwenye neno hilo, wala sitajaribu leo.

Na alfajiri bado anamsikia. Juzi aliniita, "Sibby, kaka yako yuko barazani tena, miguu yake imelowa." Nikamwambia, "Mama, ni mbwa." Akaniuliza, "Mbwa gani huyo anayevaa viatu?"

Kwa hiyo mwache Mama apumzike. Na wewe acha kuingia duka lile.

Dada yako,
Sibby


Harlem, New York
11 Februari 1958

Dada Sibby,

Nimerudi dukani Jumamosi, na Jumamosi nyingine. Mzee sasa akiniona tu anatoa ufunguo.

Cuffy ana vidole vyake vyote. Nina hakika, maana alinifinya navyo utoto wangu wote. Kijana huyu hana ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Kidole cha Esau kilikatwa na mtambo wa miwa, na Mama alinishikisha taa wakati anamfunga kitambaa. Usinidanganye kama mtoto.

Lakini kuna jingine linalonisumbua zaidi. Mwanzoni mwa kitabu yule bibi anaeleza kwamba alifika visiwani mara ya kwanza vuli ya mwaka 1931. Sisi tulimzika Esau Februari ya mwaka huo huo. Walinitoa shule bara, nikaja, nikalia juu ya sanduku lenye kofia yake tu, kwa kuwa mwili haukupatikana. Basi yule bibi alichukuaje kivuli cha mtu aliyekwisha kuzikwa?

Na ana ndevu, Dada. Alipozama hakuwa na unywele kidevuni.

Ama kitabu kinasema uongo, ama ninyi.

Ruthena


Kisiwa cha Dawsey
20 Februari 1958

Ruthena,

Basi kama ni yeye, ni yeye.

Mama anamsikia, mimi nimezikuta nyayo za maji barazani siku isiyo na mvua, na mbwa wetu analilia ngazi tupu. Nyumba hii tumeipaka rangi ya buluu milango yote na madirisha yote, lakini rangi hiyo huzuia mizimu ya wageni. Mtu wa nyumbani utamzuiaje? Labda kamera iliona kisichoonwa na macho yetu. Wafu pia huendelea kuota ndevu, nani ajuaye.

Umeona mzimu, mdogo wangu. Ukiona mzimu huuulizi maswali. Funga kitabu, usirudi.

Sibby


Harlem, New York
16 Machi 1958

Dada,

Nisamehe mwandiko, naandika nikiwa kitandani. Nimeugua. Sijaenda kazini tangu wiki ya kwanza ya mwezi.

Amekuja huku.

Nakaa ghorofa ya nne, Dada. Alfajiri nasikia mtu anapanda ngazi taratibu, viatu vinatoa sauti ya maji, fwachu, fwachu. Anafika mlangoni, anasimama. Habishi hodi. Bi Odessa, jirani yangu, anasema ni mabomba ya maji ya moto. Nikamwambia mabomba hayapumui. Amenisogezea kabati mlangoni, amenipikia supu, na ameanza kuniangalia kwa namna ambayo sipendi. Jana nilimsikia akinong'ona kwa mumewe kuhusu hospitali ya wagonjwa wa akili.

Labda ni mimi niliyemwamsha kwa kumtazama. Labda anataka kitu. Wewe ni mkubwa wangu, wewe unajua mambo ya nyumbani. Niambie anataka nini nimpe, maana nikifumba macho naona zile ndevu.

Ruthena


Kisiwa cha Dawsey
24 Machi 1958

Mdogo wangu Ruthena,

Watoto wameenda shule, Mama amelala, nimefunga mlango. Soma mchana, na Bi Odessa awe karibu.

Hakuna mzimu unaokufuata. Huo nimekutia mimi kichwani, kwa kuwa niliona heri umwogope mfu kuliko uwachukie wazee wako. Sikujua utakulaza kitandani.

Esau hakuzama.

Unakikumbuka kile kiwanda cha chaza kule bara. Msimamizi alikuwa Mzungu aitwaye Lyle Prather. Siku moja alikuwa anampiga mama mmoja kwa mpini wa sepetu, na Esau akamshika mkono. Hakumpiga. Alimshika kifundo tu, akamwambia, "Inatosha, bwana." Mbele ya kiwanda kizima. Umezaliwa hapa, sina haja ya kukueleza hilo kwa mtu mweusi ni jambo gani.

Alivuka hori, ule mkono wa bahari, kabla ya jua kuzama, na Baba hakungoja hata amalize kusimulia. Alipindua mashua, akaitupa kofia ya Esau kwenye matete, akarudi anapiga mayowe kwamba mwanawe amekufa maji. Prather alikuja na wenzake. Wakaona mashua, wakaona Mama anagaragara mchangani, wakaondoka wanacheka. Ndipo tukafanya mazishi yale uliyoyaona. Tuliimba kwa nguvu makusudi ili sauti zifike bara. Nilimwambia Baba, "Ruthena tumwambie, mtoto anateseka." Akasema, "Machozi yake ndiyo ya kweli kuliko yetu sote. Yaache."

Esau alikuwa ng'ambo ya matete, kwenye kile kisiwa kidogo cha mikindu ambako tulikatazwa kwenda. Alitusikia tunamwimbia. Nilipompelekea chakula kesho yake aliniambia, "Sibby, mmekosea ubeti wa pili." Alikuwa Esau yule yule.

Tulitaka kumsafirisha kaskazini, lakini barabara zilikuwa na macho, kisha Baba akaugua, kisha ikawa kesho na kesho. Akachonga kinu, akawa anatwanga mpunga wake mwenyewe. Akaota ndevu.

Vuli ya pili yule bibi akarudi na kamera yake. Shemasi July alikuwa anampigia makasia. Bibi akataka ateremshwe kwenye mikindu kwa kuwa mwanga ulimpendeza, na July kila akitoa sababu bibi akawa na jibu. Mimi nilikuwa huko na kikapu. Nikamvuta Esau ndani ya kichaka, akauondoa mkono wangu. Nikamwambia, "Umerukwa na akili?" Akanijibu, "Dada, tangu nizikwe hakuna mtu mpya aliyenitazama machoni. Naanza kuamini kweli nimekufa. Mwache huyu mama anione."

Akatoka, akashika mchi, akasimama. Alimwomba kitu kimoja tu, asiandike jina lake. Naye kweli hakuandika. Yule bibi alidhani jina ndilo pekee lililoogopwa.

Mwaka uliofuata kitabu kikatoka. Mke wa daktari kule bara akanunua kimoja, akakiweka mezani sebuleni kwa wageni. Binamu yetu Lavinia alikuwa anapika pale. Alimwona Prather akifunua kurasa, akacheka, akafunua, kisha akasimama kwenye mmoja, ule wa Esau kati ya mikindu, na kuusogeza usoni. Alikifunga, akaomba kofia yake. Lavinia alikimbia mpaka ufukweni akiwa na aproni, lakini maji yalikuwa yamekupwa, tope tupu, hakuna mashua ya kuvuka. Prather na wenzake walivuka maji yalipojaa, wakati ule ule ambao Lavinia naye aliweza kuvuka.

Baba na July walimkuta kando ya kinu chake. Usiniulize zaidi ya hapo.

Tulimzika katika kaburi lake lile lile. Tuliitoa kofia, tukamweka yeye. Bila wimbo, bila duara la kuzunguka kaburi, bila mtu kuitwa. Baba alisema atakayelia kwa sauti ameua wote waliomficha, kwani tutajibu nini tukiulizwa tunamlilia nani, ikiwa Esau alikwisha kufa? Mama aliuma upindo wa gauni. Sijamwona akilia tangu siku ile.

Tulimwimbia akiwa hai, na alipokufa tukanyamaza. Hizo hatua za barazani mimi siwezi kuzikana. Lakini wewe huna deni kwake. Kula, upone.

Dada yako,
Sibby


Harlem, New York
2 Aprili 1958

Sibby,

Nimepona. Hasira ni dawa, sikujua.

Alikuwa hai ng'ambo ya matete zaidi ya miaka miwili. Mimi nilikuwa nakuja likizo, napeleka maua kwenye kofia. Nilikuwa nakaa pale kaburini namsimulia habari za shule. Wewe ulinipita na kikapu chako ukiniambia unaenda kuokota kaa.

Ningeweza kumwona. Ningeweza kucheka naye. Mlinikopa machozi mkayatumia, halafu mkaninyima ndugu yangu.

Usiniandikie kwa sasa.

R.


Kisiwa cha Dawsey
27 Aprili 1958

Ruthena,

Umenikataza, lakini naandika kwa ajili ya Mama. Ukitaka, choma baada ya kusoma.

Alikuwa ananiuliza kila siku, "Mbona Ruthena haandiki? Mmegombana nini?" Nikasema shughuli. Akasema, "Sibby, nina macho mabovu, sina masikio mabovu. Unaficha kitu." Basi nikamwambia kuhusu kitabu.

Nilidhani atatema mate. Aliyaacha maharagwe yaungue jikoni, akanishika mkono. Kisha akauliza, "Ana ndevu?" Nikasema ndiyo. Unajua Mama hakuwahi kwenda kule kwenye mikindu, Baba alimkataza asije akafuatwa. Mara ya mwisho kumwona akiwa hai alikuwa na kidevu cha mtoto. Na siku ya kumzika walikuwa wamekwisha kumfunika uso, na Baba hakukubali ufunuliwe.

Akasema, "Anasimama barazani, lakini kila mara uso unakuwa giza. Nilidhani ananificha kwa hasira. Kumbe ni mimi sijui uso gani wa kumpa." Kisha akasema, "Nataka kumzika mwanangu. Kwa sauti."

Wesley amekasirika. Lyle Prather alikufa zamani, lakini mwanawe sasa ni askari wa wilaya na daraja limejengwa, anaweza kufika hapa kabla chai haijapoa. Tulimwita Shemasi July atoe neno. Akasema, "Nina miaka themanini na moja. Wakiniua wataniibia nini, wiki mbili? Mimi ndiye niliyepiga makasia siku ile. Nitaongoza wimbo."

Mama hana siku nyingi, mguu umevimba mpaka gotini. Ameomba kitu kimoja tu. Anataka picha iwepo.

Sikuombi unisamehe. Namwombea yeye.

Sibby


Harlem, New York
10 Mei 1958

Sibby,

Kitabu hiki hapa. Nimeuza cherehani. Ukurasa nimeuwekea uzi mweusi.

Ruthena


Kisiwa cha Dawsey
19 Mei 1958

Mdogo wangu Ruthena,

Naandika mezani, kitabu kiko mbele yangu, na kutoka chumbani nasikia ambacho nitakueleza mwisho.

Kilifika Alhamisi. Ijumaa kisiwa kizima kilikuwa kimejua, na Jumamosi watu walianza kuja, wengine hata hatukuwaita. Walinawa mikono kwanza uani, wakaingia, wakafunua. Ukurasa kwa ukurasa walikuwa wanataja majina: huyu ni Bina, huyu ni Mzee Cudjo kabla ya kupofuka, huyu mtoto ni mimi, jamani, ni mimi. Shangazi Minda aliitazama ile ya ungo akauliza, "Na hili limama nene ni la nani?" Tukamwambia, "Ni wewe." Akasema, "Waongo wakubwa! Mimi sijawahi kuwa na makalio haya." Cuffy akamwambia, "Mama, uliyapata wapi basi hayo uliyokalia?" Tulicheka, Ruthena, nyumba ile ya msiba ikacheka.

Walipofika kwenye uzi wako mweusi wakaacha kutaja majina. Walikuwa wanajua, karibu wote. Kila mmoja alikuwa amekaa na kipande chake miaka yote hii akidhani wengine hawajui. Cuffy ndiye aliyesema kwanza kwa sauti, "Esau Capers." Mkewe naye akarudia, kisha na waliokuwa mlangoni.

Jana mchana, baada ya ibada, tulimbeba Mama kwenye kiti mpaka makaburini. Mimi nilishika kitabu kimefunguliwa kifuani, uso wa Esau ukitazama watu. July alianza wimbo. Sauti yake imechakaa, lakini mguu wake ulipogonga ardhi wote tuligonga, duara likaanza kuzunguka. Tulikuwa kwenye ubeti wa pili gari lilipotokea kwenye njia ya mchanga na kusimama nje ya uzio. Ni yeye, mtoto wa Prather, na sare yake. Alishusha kioo.

Wesley alinitazama. Hakuna aliyekimbia. July alipandisha sauti, duara likageuka, na kila aliyefika upande wa uzio alimtazama yule kijana machoni kisha akapita. Sijui aliona nini. Sijui kama anajua baba yake alifanya nini, au kama alikuja kwa kelele tu. Alikaa mpaka wimbo ukaisha, akapandisha kioo, akaenda. Labda atarudi. Usiku Wesley alilala na bunduki chini ya kitanda, na mimi sikumkataza.

Tulipomaliza Mama akaniita nimsogezee kitabu. Alikishika karibu na pua, akakigeuza kwenye mwanga, akakirudisha. Akasema, "Naona weupe na weusi tu. Niambie wewe."

Nikamwambia, "Amesimama, Mama. Mchi uko mkononi. Shati limechanika bega la kulia. Ndevu zimejaa, kama za Baba."

"Anacheka?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Nikasema, "Hapana. Hacheki. Anatazama."

"Anamtazama nani?"

"Anayemtazama."

Akaweka kiganja juu ya karatasi, akakiacha hapo muda mrefu. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayesoma neno gumu, "Basi alikuwa mwanaume mzima. Nimekuwa nikimngoja mtoto."

Leo asubuhi niliamka nikaenda kumtazama. Alikuwa ameketi kitandani. Nikamuuliza, "Umemsikia?" Akatikisa kichwa kukataa. Akasema, "Sibby, mwanangu amekufa. Toka, uniache nilie."

Nimetoka. Analia hadi sasa ninapoandika, kwa sauti, mpaka majirani wamesimama njiani, na hakuna anayeingia kumnyamazisha. Ni kilio cha mtu aliyefiwa jana. Sijui kama mwili wake utakihimili, na sijui kitaisha lini.

Njoo, Ruthena. Si kwa ajili yangu. Kuna nafasi kando yake kitandani, na mimi peke yangu sitoshi.

Dada yako,
Sibby